Mazabodi imekufa: ubadilishe mwenyewe au umlipe fundi?

Simu huingia usiku, mara nyingi siku mbili tatu baada ya mshahara. "Mama, kompyuta imezima, haiwaki kabisa. Fundi anasema mazabodi imekufa, anataka hela leo maana spea imebaki moja." Mama yuko Muscat au Riyadh kwenye kazi za ndani, mtoto yuko chuo Morogoro au Mombasa, na kazi ya darasani inatakiwa Jumatatu. Mama anafanya nini? Anatuma. Na sisi tumeshatuma hivyo, tena zaidi ya mara moja, ndiyo maana somo la leo tumelipa nafasi kubwa kuliko kawaida.

Mazabodi ni ule ubao mpana, wa kijani au mweusi, ulio ndani ya kompyuta. Kila kitu kingine kimechomekwa juu yake: prosesa, memori (RAM), diski, feni, waya za umeme. Kwa kuwa kila kitu kinapita hapo, ndiyo sehemu rahisi kuisingizia. Kompyuta isipowaka, fundi mvivu hutaja mazabodi kama mganga anavyosema umerogwa. Nani atambishia?

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nifunge mwenyewe au nimlipe mtu", uliza kwanza: nani amethibitisha kwamba ni mazabodi, na amethibitishaje?

Tulivyopigwa wenyewe

Tuliwahi kuchanga watu wanne wa chumba kimoja, tukanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, ya kusomea na kuongea na nyumbani. Ikakaa miezi, siku moja ikazima. Duka la kwanza tulikoipeleka waliifungua ubavu, wakaitazama, hawakupima kitu, wakasema mazabodi imeungua. Bei ya bodi pamoja na ufundi tukaiona kubwa. Tukajipa moyo: mwenzetu mmoja ni fundi umeme wa majengo, kuunganisha waya ndiyo mkate wake. Tukatafuta bodi iliyotumika, Ijumaa nzima tukaifunga, tukabonyeza swichi. Kimya. Feni haikuzunguka hata robo.

Wiki iliyofuata rafiki wa kambi ya jirani alikuja na pawasaplai yake, lile boksi la chuma linaloleta umeme ndani ya kompyuta. Akaichomeka kwenye bodi yetu ya zamani, ile "iliyoungua". Ikawaka hapo hapo. Bodi yetu ilikuwa nzima siku zote, na pesa ya ile ya pili haikurudi, kwa sababu duka lilishasema spea ikitoka dukani imetoka.

Tulilaumiana kidogo, kisha tukakubaliana jambo moja. Hasara ile haikuja kwa sababu tulifanya wenyewe. Tungemlipa yule fundi wa kwanza, tungelipia bodi hiyo hiyo na mkono wake juu. Hasara ilikuja kwa sababu tulinunua kabla ya kupima.

Pima kwanza, kupima ni bure

Anza na vitu vya aibu: soketi ya ukutani, ekstensheni, chaja. Kwa laptopu, azima chaja nyingine ya aina ile ile na volti zile zile. Kama bado, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu. Laptopu ngapi zimefufuka hivyo baada ya kuzikwa na fundi!

Kama taa zinawaka na feni inalia lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, mazabodi haina kosa kubwa. Tatizo ni kioo au waya wake, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Kwa kompyuta ya mezani, tazama nyuma kwenye pawasaplai. Kuna swichi ya kuzima na kuwasha, watoto huibonyeza. Kwenye pawasaplai za zamani kuna na kitufe kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Wenzetu wa Marekani, hapa ni penu: umeme wa huko majumbani ni volti 120, wa Tanzania na Kenya ni 230 hadi 240. Mashine iliyopakiwa na mzigo ikiwa kwenye 115, mtoto akaichomeka Dar, utasikia mlio kama fataki na moshi juu. Kitufe hicho kikaguliwe kabla mashine haijaonjeshwa umeme.

Kisha memori. Zima, chomoa waya, toa vipande vya RAM, yale meno ya rangi ya dhahabu yafute taratibu kwa raba ya penseli, rudisha mpaka vishikio vilie "ta". Jaribu kipande kimoja kimoja, na tundu moja moja. Kaka zetu wanaokaa kambini mnajua vumbi la saruji linavyoingia hadi kwenye sanduku la nguo. Humo ndani ya kompyuta limejaa hivyo hivyo. Brashi laini ya rangi, ile mpya, inatosha. Usimwagie maji ya aina yoyote.

Kuna jaribio moja zuri ambalo mafundi wazuri hulitumia. Kompyuta ya mezani yenye kispika kidogo ndani, ukitoa memori yote ukaiwasha, inatakiwa ilie piii piii kulalamika. Ikilia, bodi iko hai kiasi cha kujua kinachokosekana. Ikinyamaza bado si ushahidi wa kifo, kwa sababu mashine nyingi hazina hicho kispika, au pawasaplai ndiyo mbovu kama yetu.

Na kibatri cha duara kilichokaa kwenye bodi, kimeandikwa CR2032, cha volti 3. Kazi yake ni kuhifadhi saa na mipangilio mashine ikiwa imechomolewa. Kikichoka, tarehe inarudi nyuma kila ukizima na mashine inatoa malalamiko kwa Kiingereza kila asubuhi. Kinauzwa kwa bei ndogo hata kwenye maduka ya saa. Asikuuzie mtu mazabodi kwa ajili ya hicho.

Dalili za bodi kufa kweli ni hizi: harufu ya kuungua kwenye bodi yenyewe, doa jeusi, au vile vipipa vidogo vinavyoitwa kapasita vikiwa vimevimba kichwani au vimetoa ute. Ukiona hivyo, au ukijaribu kwa pawasaplai nyingine na memori nyingine na bado kimya, hapo sasa tuongelee kubadilisha. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata kama umeichomoa. Ndani yake kapasita hubaki na umeme wa kukurusha.

Kompyuta ya mezani: hapa mkono wako unaweza

Kufunga bodi ya kompyuta ya mezani hakuhitaji kuchomelea. Ni skrubu na plagi. Ugumu uko dukani, siyo mezani. Bodi lazima ilingane na vitu ulivyonavyo.

Soketi ya prosesa ndiyo ya kwanza. Prosesa za kawaida za mezani za Intel za mwaka 2011 na 2012, yaani kizazi cha pili na cha tatu, hukaa kwenye soketi ya LGA1155. Za mwaka 2013, kizazi cha nne, hukaa kwenye LGA1150. Ukizitazama haraka ni mapacha, lakini haziingiliani. Memori nayo: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake limekaa mahali pengine, ukilazimisha unavunja. Kisha kipimo: bodi ya ATX ni sentimita 30.5 kwa 24.4, na microATX ni 24.4 kwa 24.4. Kasha dogo halimezi bodi kubwa.

Hapo ndipo wengi wanaponasa. Zile kompyuta za ofisini zilizotumika, za Dell na HP, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu kwa kuwa ni imara na bei yake nzuri, mara nyingi zina plagi za umeme na mkao wa skrubu wa kwao wenyewe. Bodi ya kawaida ya dukani haiingii humo. Unatafuta bodi ya modeli ile ile, namba kwa namba, au unaacha. Usipoteze Ijumaa yako kwa kubahatisha.

Ukishapata inayolingana, kazi inakwenda hivi. Piga picha kila upande kabla hujagusa waya. Chomoa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili mabaki ya umeme yaishe. Fanyia juu ya meza ya mbao, siyo kwenye zulia, na kila mara gusa chuma cha kasha kabla ya kushika bodi. Kwenye chumba kikavu chenye AC mwili unakusanya umeme usiousikia, lakini bodi inausikia. Skrubu zigawe kwenye vikombe vya chai kulingana na zilikotoka.

Usiifunge bodi mpya ndani moja kwa moja. Iweke juu ya kasha lake la karatasi, weka prosesa, feni, kipande kimoja cha memori, unganisha umeme na kioo, uone kama inawaka. Jaribio hilo la dakika kumi lingetuokoa sisi siku nzima. Linafaa kama prosesa au bodi ina picha yake yenyewe bila kadi ya pembeni.

Prosesa za Intel tulizotaja hazina pini. Pini ziko kwenye soketi ya bodi, nyembamba kama nywele. Iteremshe prosesa wima, usiiburute. Pini moja ikipinda, umeua bodi uliyoinunua asubuhi. Futa dawa ya zamani ya kupitisha joto, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, ndipo urudishe feni.

Ndani ya kasha kuna vinguzo vidogo vya chuma vinavyoinua bodi. Kila kinguzo lazima kikutane na tundu la bodi. Kikibaki kimoja mahali pasipo na tundu, kinagusa mgongo wa bodi na kuipiga shoti. Plagi za umeme ni mbili: ile ndefu ya pini 24, na ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Hiyo ndogo ndiyo husahaulika, na ukiisahau feni zitazunguka vizuri kabisa, picha hutaiona. Waya wa swichi ya mbele hata ukiugeuza utafanya kazi. Waya za taa ndizo zenye upande.

Mara ya kwanza tenga nusu siku. Kifaa unachohitaji ni bisibisi ya nyota na hiyo dawa ya joto. Kwa mtu anayefunga bomba au anayevuta nyaya za jengo la ghorofa ishirini, hii siyo kazi ya kuogopa.

Laptopu: mpe fundi, lakini umjue ni fundi gani

Laptopu ni habari nyingine. Karibu zote za miaka ya karibuni prosesa imechomelewa kwenye bodi, na nyingine hata memori. Ukibadilisha bodi umebadilisha karibu kompyuta nzima, ndiyo maana bei yake huikaribia ya laptopu iliyotumika. Bodi za kila modeli ni za peke yake, waya ni vijiutepe vinavyochanika kwa kucha, na betri iko ndani. Sisi hatukushauri ujifunzie hapo.

Mafundi wako wa namna mbili. Kuna anayetoa bodi na kuweka nyingine. Na kuna anayetengeneza bodi yenyewe: ana darubini, ana mashine ya hewa moto, anapima volti hatua kwa hatua mpaka akute kilichokufa, ambacho mara nyingi ni kidude kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, au ile sehemu ya kuchomekea chaja. Muulize hivi: "Fundi, unaweza kuitengeneza hii hii, au unabadilisha tu?" Kama anabadilisha tu, mshukuru na utafute wa pili kabla ya kukubali. Laptopu ya mwenzetu mmoja iliyomwagikiwa chai ya maziwa iliambiwa ni ya kutupa. Fundi wa namna ya pili aliiosha bodi, akabadilisha kipande kimoja, inaandika mpaka leo. Na ukimwagikiwa, usiiwashe "kujaribu kidogo". Zima, chomoa, ipeleke. Kuifukia kwenye mchele hakutoi sukari ya chai.

Kabla laptopu haijakwenda kwa fundi, toa diski. Hili tunalisema hasa kwa dada zetu. Humo mna picha zako za nyumbani bila buibui, kopi ya pasi, mkataba, sauti za watoto. Mazabodi ikifa, diski kwa kawaida haifi nayo. Kwenye laptopu nyingi inatoka kwa skrubu chache, na ukiiweka kwenye kasha la USB unaisoma kwenye kompyuta nyingine. Fundi anaweza kupima bodi bila diski yako. Isipokuwa MacBook za miaka ya karibuni: humo hifadhi imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo bodi ikibadilishwa vilivyomo vinakwenda nayo. Hapo usiseme "badilisha" kabla hujauliza kama bodi ya zamani inaweza kuwashwa hata mara moja tu vitu vihamishwe.

Jambo jingine hushangaza watu. Windows nyingi hufunga diski kwa ufunguo uliounganishwa na bodi. Ukibadilisha bodi, mashine itadai namba ya tarakimu 48 inayoitwa BitLocker. Mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Itafute na uiandike kwenye daftari leo, wakati mashine ni nzima. Leseni ya Windows nayo inaweza isitambue bodi mpya. Muulize fundi mapema kama bei yake inajumuisha hilo.

Hesabu, na namna ya kulipa ukiwa mbali

Kanuni yetu ni nusu. Jumlisha bodi, ufundi, na makato ya kutuma. Ikizidi nusu ya bei ya kompyuta kama hiyo hiyo iliyotumika na inayofanya kazi, tunaacha. Tuseme laptopu ya aina hiyo inapatikana kwa shilingi 450,000, na fundi anataka 280,000. Ukiongeza 170,000 una mashine nyingine nzima, na ile ya zamani inauzwa kwa spea: kioo, memori, kibodi vina wateja.

Tazama na umri. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, ukiacha chache sana. Kumwekea mtoto bodi ya kizazi cha nne ni kumrudisha pale pale. Kama hela ndiyo hiyo tu, kuna Linux kama Ubuntu, ya bure, na kwa kuandika na intaneti inatosha. Lakini ulizeni kwanza chuo kinatumia programu gani.

Sasa ile simu ya usiku. Usimgombeze mtoto, huenda anasema alichoambiwa. Mwambie: "Mwanangu, leo nitakutumia ya kupimia tu." Ada ya kupima ni ndogo, tena wengine huikata kwenye bei ya kazi. Apeleke kwa mafundi wawili, na wa pili asiambiwe wa kwanza alisema nini. Wakikubaliana, akutumie video ya jaribio na picha ya namba ya bodi. Muulize fundi kwa simu, kwa upole, ajibu mwenyewe: umeijaribu kwa chaja au pawasaplai nyingine? Bodi unayoweka ni mpya au imetumika? Dhamana siku ngapi, na itaandikwa kwenye risiti? Bodi ya zamani nitarudishiwa? Hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote, kwa sababu fundi aliyebadilisha kweli anayo ya kurudisha.

"Imebaki moja" ni maneno ya soko. Kariakoo na Luthuli hazijawahi kukauka spea kwa usiku mmoja. Ukiridhika, tuma mara moja, moja kwa moja kwa namba ya malipo ya duka, siyo vipande vitatu vyenye makato matatu.

Neno dogo kwa mnaokaa nyumba za watu. Wakijua umeweza kufungua kompyuta, mtoto wa madamu atakuletea ya kwake. Kataa kwa heshima. Ikiwaka utapewa asante, ikizima utakatwa mshahara.

Ile bodi yetu ya pili bado iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye mfuko wake. Tuliipima baadaye kwa pawasaplai nzima, inawaka. Ni microATX ya LGA1155, memori ya DDR3. Aliye Muscat mwenye prosesa ya aina hiyo atuandikie, tutamwachia kwa bei ya nauli ya kumpelekea.